Sahani ya Wageni

Zaina, mama,

Ukiiona karatasi hii, basi umeshafungua mfuko wa chapati, na ukifungua mfuko wa chapati najua umeshaingia msitu wa Nyungwe, maana hapo ndipo njaa hukushika tangu utotoni. Nimeiweka chini ya chapati kwa makusudi. Huko msituni basi haligeuzi, na dereva hawezi kusimama eti kwa sababu ya msichana anayetaka kurudi Kamembe kugombana na mama yake. Unisamehe ujanja huo. Nimechoka, na mtu aliyechoka hutafuta njia fupi.

Sasa hivi umetoka kwenda kuaga majirani. Mimi nimekaa kwenye kitanda chako, karatasi iko juu ya goti, lile goti langu ambalo bado lina huruma kidogo. Sitakuandikia habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za vijana wa stendi ya Kigali wanaogombania mizigo ya watu. Wewe ni muuguzi, umepata kazi hospitali, hayo unayajua kuliko mimi. Nataka tuzungumze lile jambo la Jumapili.

Jumapili mliniketisha kwenye foteyi, kile kiti chenye mito ambacho Papa yako, Mungu amrehemu, alikinunua na hakuna aliyekikalia isipokuwa wageni. Yusufu, mtoto wa marehemu kaka yangu, alikuwa amekuja kutoka Gikundamvura na shati lake la Ijumaa. Kaka yako alikuwa kwenye simu huko Lubumbashi, mnapokezana simu, huyu anasema, yule anasema. Mkakubaliana. Zaina anakwenda Kigali, Maman hawezi kubaki peke yake. Siku ya safari yako, ikifika saa nne, Yusufu atakuja na kamioneti, lile gari lake dogo la mizigo, anichukue mimi na kitanda changu, nyumba ipangishwe. Huko kwake nitapata chumba chenye sakafu ya sementi, maziwa ya ng'ombe wake, na wajukuu wa kunichekesha. "Utapumzika, Maman," mkasema wote, hata yule wa Lubumbashi nilimsikia. Mimi nikaitikia kwa kichwa.

Niliitikia kwa sababu nilikuwa nimechoka na maneno. Na pia, mtu akikukalisha kwenye foteyi, watu wote wakakutazama kwa macho ya huruma, unaanza kujiona mgonjwa hata kama asubuhi ulikuwa mzima.

Siendi, Zaina. Yusufu ni mtoto mwema na mke wake ana moyo, sina neno juu yao. Lakini siendi. Na sababu yake ni bibi yako, mama yake Papa.

Ulikuwa shule ya msingi alipokuja, kwa hiyo unamkumbuka kidogo tu. Mimi namkumbuka sana, zaidi ya ninavyotaka. Vita vilipoingia Bukavu, Papa yako alikwenda kumtoa. Watu walikuwa wanavuka daraja la Rusizi na magodoro, na sufuria, na mbuzi. Bibi yako alivuka na ungo kichwani. Ungo mtupu. Papa yako alikuwa nyuma yake amebeba nguo, amekasirika, na askari wa mpakani walicheka mpaka wakasahau kumkagua.

Huo ungo ndio uliokuwa kazi yake. Huko Bukavu, kila nyumba ya Waislamu iliyokuwa na harusi ilimwita yeye. Unajua kwetu: kabla ya siku ya pilau wanawake hukaa nyuma ya nyumba, mikeka imetandikwa, magunia ya mchele yanafunguliwa, kila mmoja na ungo wake, wanapepeta na kuchambua mawe. Kazi yenyewe haina maajabu, na mtoto anaweza kuifanya. Lakini hapo ndipo habari zote hupita, hapo ndipo watu hutaniana, hapo ndipo mwanamke aliyekosana na mwenzake husogezewa ungo wa huyo mwenzake mpaka wanaongea bila kupenda. Bibi alikuwa anakaa katikati. Ndivyo alivyokaa tangu alipofiwa na mume.

Alipofika hapa, nilimpokea vizuri. Hilo nalisema wazi, maana sitaki udhani nilimtesa. Kamembe ya miaka ile uliiona kwa macho ya mtoto tu. Mauaji ya kimbari yalikuwa yamepita juzi tu. Kwenye mtaa wetu kulikuwa na nyumba zilizobaki tupu, na nyumba zenye mzee mmoja tu ndani, anakaa mlangoni, anatazama njia. Watu walikuwa hawajui wasemeje na wazee wale. Waliwapelekea maziwa, wakaondoka haraka. Mimi nikasema moyoni, mama mkwe wangu hatakaa hivyo. Huyu atatunzwa.

Nikamtunza. Nilimpa chumba chenye dirisha, nikampikia uji kabla ya watu wote kuamka, nikamchagulia nyama laini, nikamfulia na kumpigia pasi hata kanga za kulalia. Ungo wake nikauosha, nikautundika ukutani sebuleni, pale unapouona mpaka leo. Mwanzoni alikuwa akiniomba. "Nipatie mchele kidogo, nichambue," anasema. Mimi namjibu kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Hapana Maman, wewe pumzika tu. Batoto bako, batafanya." Kesho yake ananiomba maharage. Namjibu vilevile. Nilikuwa naona aibu, Zaina. Niliona majirani watasema, tazama yule, mama wa mumewe kakimbia vita na bado anamtumikisha. Tena walipokuja kututembelea na kumkuta amekaa, safi, ananukia sabuni, walinisifu mbele yake. Nilizipenda hizo sifa. Nilizila kama sukari.

Unakumbuka alivyokuwa akikusuka? Hilo lazima unalikumbuka, maana ulilia. Alikuwa akikusuka, anafumua, anakusuka tena, mchana kutwa wa Jumamosi, mpaka kichwa kinakuuma. Ukaja kunishitakia. Nikaenda nikamwambia, Maman, mwache mtoto akacheze. Nikamkataza na hilo. Akabaki na mikono yake tu.

Halafu ikaja harusi ya binti wa muuza vitenge, pale karibu na msikiti. Tulimpeleka Bibi, amevaa vizuri. Wenye nyumba wakamwona, wakakimbia kumletea kiti, wakakiweka mbele, sebuleni, karibu na masanduku ya bibi harusi, na fanta mkononi. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba kwa wenzangu. Tukakaa kwenye mikeka, tukafungua mchele. Tulicheka siku hiyo, na ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wamesahau kucheka. Baadaye niliingia ndani kuchukua maji, nikamwona. Yuko peke yake kwenye kiti, fanta haijaguswa, anasikiliza kelele zetu kupitia ukutani. Na vidole vyake vinakwenda juu ya mapaja, juu ya kanga, vinachagua, vinatupa pembeni. Vinachambua mchele ambao haupo.

Nilisimama nikamtazama. Najua ningeweza kumshika mkono nikampeleka nyuma, hatua chache tu, nikasema wanawake sogeeni. Sikufanya. Nilijiambia, masikini, uzee umeanza kumharibu akili. Nikachukua maji yangu nikatoka.

Baada ya hapo ni kweli alianza kupotea. Aliniita kwa jina la dada yake. Alisahau kama amekula. Kwenye kituo cha afya waliniambia ni uzee, na mimi nikaona nimepata jibu. Labda walisema kweli, wewe umesoma mambo hayo, utaniambia. Mimi najua tu kwamba haukuwa uzee peke yake.

Siku moja hayupo. Papa yako alikuwa safarini. Nilizunguka mtaa mzima, maana miaka ile mtu akipotea hukufikiria mema. Nikamkuta sokoni, kule nyuma wanakopakulia magunia. Amekaa chini na wanawake wa maharage, ungo wa mtu mapajani, anaongea Mashi, lugha ya kwao, na mmoja aliyetoka Kabare. Anacheka. Zaina, tangu avuke daraja sikuwa nimeona meno yake. Na jina langu alilikumbuka. Alivyoniona tu, akaita, "Hadija, njoo ukae."

Ningekaa. Leo ningekaa. Siku ile niliona watu wananitazama, niliona vumbi kwenye kanga niliyoipiga pasi, nikaona ni mimi ninayeaibishwa. Nikamshika mkono, nikamwinua mbele yao. Hakunibishia. Alirudisha ungo kwa mwenyewe, akajipangusa, akanifuata kama mtoto. Tulipofika kwenye mteremko wa nyumbani akasimama kupumua. Akaniambia, bila hasira hata kidogo, "Mwanangu, unanitunza kama sahani ya wageni."

Unazijua sahani zetu za wageni. Ziko kwenye kabati la vioo, nzuri, hazina hata ufa. Zinatolewa Idi, zinapanguswa vumbi, zinarudishwa. Sisi wenyewe tunakula kwenye zile za bati.

Nilisema twende, jua kali. Hakuniomba tena mchele, wala maharage, wala chochote. Alifariki kiangazi kilichofuata, kwenye shuka safi. Matangani watu walinisifu mpaka nikaingia jikoni nikafunga mlango. Papa yako alidhani nalia kwa sababu ya mama yake, na ni kweli, lakini hakujua sehemu nyingine, na mimi sikumwambia mpaka naye akaondoka.

Nilifikiri nitasahau. Vikaja vita vingine, mpaka ukafungwa, ukafunguliwa, watu wakavuka huku na kule, Papa yako akafariki kwa kifua, kaka yako akaenda kutafuta maisha. Mtu anakuwa na mambo mengi ya kubeba. Halafu uzee ukanifikia mimi mwenyewe, na nikajua alichokuwa akikiona Bibi kutoka kwenye kile kiti.

Ngoja nikwambie uzee unavyokuwa, kwa sababu wewe utawahudumia wazee na vitabu vyenu sidhani kama vimeandikwa na mzee. Maumivu si kitu. Goti linauma, unalizoea kama mpangaji mkorofi. Kinachochosha ni kwamba watu wanaanza kuongea juu ya kichwa chako. Mwezi uliopita tulikwenda wote kupima presha. Yule binti wa pale akakuuliza wewe, "Analala vizuri? Anakula?" Na wewe ukamjibu, mama, kwa upole kabisa, ukasema analala, anakula. Mimi nimekaa katikati yenu. Nilitamani kusema kwamba silali, na sijalala vizuri tangu mvua zianze, lakini hakuna aliyeniuliza. Sikulaumu. Mimi nilifanya hayohayo kwa miaka. Ila ukifika huko, mzee akiletwa na mtoto wake, muulize mzee. Hata kama anachelewa kujibu. Ngoja.

Sasa nikueleze kuhusu Verediana, maana Jumapili mlimtaja kama shida. Mlisema Maman anashinda sokoni chini na yule mukecuru, yule bibi kizee, jua linampiga, watu wanafikiri ni ombaomba. Yusufu alisema hivyo, na wewe hukusema kitu.

Verediana hana mtu. Mume, watoto, wajukuu, wote walikwenda katika yale mauaji, akabaki yeye. Wapo wengi wa namna hiyo katika nchi hii, wanazeeka na hakuna wa kuwaita Maman. Nilikuwa nampita miaka mingi pale wanapopakulia magunia, akichambua mchele wa wafanyabiashara. Siku moja goti likanikataa, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka wake, nipumzike tu. Sijui mkono wangu ulikwendaje. Nilijikuta natoa mawe kwenye ungo wake. Hakuniuliza mimi ni nani. Alisogea, akanipa nafasi.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya sokoni mnayoionea aibu. Tunachambua mchele wa Bugarama, na maharage ukifika msimu wake. Anaongea Kinyarwanda chake cha Butare, ile Butare ndogo ya huku Rusizi, mimi namjibu Kiswahili, na mambo yanakwenda. Yeye ni Mkatoliki, ananicheka nikifunga Ramadhani, halafu ananifichia embe kwa ajili ya futari. Tunasengenya watu. Tunabishana nani kakosa jiwe. Juu ya yale yaliyopita hatuongei. Lakini kuna siku, hasa ikifika Aprili, mikono yake inasimama. Anatazama mbele, ungo uko mapajani. Basi mimi navuta mchele wake kidogo kidogo upande wangu, nauchambua, simwambii kitu, mpaka mikono yake irudi. Siku nyingine hairudi hadi jioni. Siku nyingine ni mikono yangu inayosimama, na yeye ndiye anayevuta.

Mkinipeleka Gikundamvura, nani atavuta mchele wa Verediana? Na wangu, huko kwenye sementi, atavuta nani? Mke wa Yusufu atanifanyia yale niliyomfanyia Bibi. Ataniamsha na uji. Ataniambia, Maman, kaa tu. Namjua, ana moyo mwema kama niliokuwa nao mimi. Hilo ndilo linalonitisha.

Usidhani nimejaa nguvu. Nimechoka, Zaina. Nimechoka na kufiwa, nimechoka na kupanda ule mteremko, kuna asubuhi natazama viatu vyangu na kujiuliza vya nini. Ninaogopa pia. Naweza kuanguka bafuni usiku, wewe uko Kigali, na nikalala pale sakafuni. Siwezi kukuahidi halitatokea. Lakini mimi sijachoshwa na ungo. Mlichanganya hivyo viwili, kama mimi nilivyovichanganya, na sioni kosa lenu, mliona nimechoka mkaondoa kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

Kwa hiyo nimeamua, na nimeamua bila kikao. Kitanda chako nimempa Verediana. Anahamia kesho, ukishaondoka. Nyumba yake ilikuwa inavuja na hakuna wa kupanda juu. Akianguka mmoja, mwingine atapiga kelele, na huyo Verediana kelele anazo, utazisikia mpaka Kigali. Yule mpangaji mliyempa ufunguo nimemwomba aurudishe, ameurudisha, hakuwa na ubaya. Maziwa ya Yusufu nitayapokea akiyaleta. Na wewe ukija Idi, usiniletee foteyi wala blanketi. Kaa na sisi kwenye mkeka, hata kama una viatu vya hospitali.

Ungo wa Bibi nimeushusha ukutani leo, ulipokuwa unapanga nguo. Hukuona, au uliona ukanyamaza. Umelegea pembeni lakini bado unashika mchele. Zile sahani nazo nimezitoa kabatini. Umekula kwenye moja mchana huu, na moja imepata ufa nilipokuwa naiosha, na sikuumia.

Nasikia sauti yako huko nje, unacheka na watoto wa jirani. Nikunje karatasi hii kabla hujaingia. Kesho asubuhi nitakushika shingoni pale stendi na sitasema lolote kati ya haya, utafikiri nalia kwa sababu unaondoka. Nitakuwa nalia kwa sababu unaondoka.

Yusufu akifika saa nne na kamioneti yake, atakuta mlango umefungwa. Majirani watamwonyesha njia ya sokoni. Atanikuta chini na Verediana, na kanga yangu ina vumbi. Atanishika mkono aniinue mbele ya watu, kwa heshima kabisa.

Bibi yako hakunibishia. Mimi nitambishia.

Mungu akufikishe, mama. Kula hizo chapati kabla hazijakauka.

Mama yako,
Hadija